Breki ya Mkono na Breki za Mguu katika Ndege Ndogo

Maneno mengi ya mitambo yaliingia katika lugha yetu kwa mlango wa gari. Gari lilitangulia ndege kufika mikononi mwa watu wengi, na lilipofika lilikuja na maneno yake: breki, gia, klachi, injini, tairi. Madereva na mafundi waliyapokea, wakayatafutia vitenzi vya Kiswahili, nayo yakatulia. Breki hukanyagwa, huvutwa, hufungwa, hushika; na siku mbaya hukatika. Hatuna nia ya kuyang'oa maneno hayo, maana yamekwisha ota mizizi. Lakini mfasiri apewapo kitabu cha ndege ndogo, au ripoti ya ajali ya ndege hiyo, hukutana na maneno yale yale yakiwa yamebeba mzigo mwingine, na aghalabu hatambui kuwa mzigo umebadilika.

Mfano tutakaoutumia ni breki ya mkono. Hakuna msomaji asiyeijua: ni wenzo ulio kati ya viti viwili vya mbele, unaovutwa gari likisha simama, ili lisiteremke lenyewe. Dereva anayeuvuta gari likiwa mbioni ama amepatwa na dharura ama anacheza na roho yake. Sasa tuichukue ndege ya Marekani iitwayo Piper Cherokee, ambayo wanunuzi walianza kuipata mwaka 1961. Ndege za awali za aina hiyo zilikuwa na breki ya mkono peke yake, isipokuwa mnunuzi awe ameagiza nyingine. Rubani alitua, akaushika wenzo ule, akauvuta ndege ikiwa bado inakimbia, wala hakuwa na dharura yoyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa breki yake. Mfasiri anayeandika "breki ya mkono" bila neno la kuongeza atakuwa amesema kweli kwa herufi na kupotosha kwa maana.

Uchaguzi kati ya breki ya mkono na breki za mguu una historia yake, na historia hiyo haieleweki bila kuanzia wakati ambapo breki hazikuwapo kabisa. Ndege ya ndugu wawili Wright iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 haikuwa hata na magurudumu. Iliondokea juu ya reli iliyolazwa mchangani, ikatua kwa miti iliyolala chini ya tumbo lake. Magurudumu yalipoenea baadaye, mawili yaliwekwa mbele, chini ya mabawa, na nyuma ukawekwa mguu mfupi wa mti au chuma kuubeba mkia. Mguu huo ulikwaruza majani, na mkwaruzo wenyewe ndio uliokuwa breki. Baharia angesema kuwa ndege ilikuwa ikikokota nanga.

Kwa uwanja wa majani hilo lilitosha. Charles Lindbergh aliporuka peke yake kutoka New York hadi Paris mwezi wa Mei 1927, safari ya saa 33 na nusu, ndege yake haikuwa na breki. De Havilland Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931 na kufundishia maelfu ya marubani wa Uingereza na wa makoloni yake, iliundwa vivyo hivyo. Dada yake mkubwa, Gipsy Moth, ndiye aliyekuwa miongoni mwa ndege za kwanza za kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929. Upepo ulipovuma kwa nguvu, ndege za namna hiyo zilihitaji watu wa kushika ncha za mabawa zilipokuwa zikigeuzwa ardhini, kama vile ngalawa inavyoshikwa ubavuni inaposukumwa majini.

Kilichouvunja mpango huu ni lami na zege. Juu ya njia ngumu mguu wa mkia hauumi ardhi. Huteleza na kulika. Ukaondolewa, likawekwa gurudumu dogo, na gurudumu halikwaruzi. Tena ndege zilikuwa zikizidi uzito na mwendo mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo breki ikawa lazima, na mahali pake pakawa kwenye yale magurudumu mawili ya mbele. Tiger Moth zilizoundwa Kanada zilipewa breki pamoja na gurudumu la mkia, huku ndugu zao wa Uingereza wakiendelea kukwaruza majani.

Ndipo likazuka swali la breki ngapi, na zishikwe na kiungo gani. Ndege yenye gurudumu la mkia ina tabia ambayo gari la kawaida halina: kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya magurudumu makubwa. Mkia ukianza kwenda upande, uzito huusukuma uende zaidi, na rubani asipowahi, ndege huzunguka kama pia na kuweza kuvunja bawa. Aliyewahi kusukuma mkokoteni wenye mzigo kinyumenyume ataelewa bila picha. Ili kuuzuia mkia, rubani huhitaji kufunga gurudumu la upande mmoja na kuliacha huru la upande wa pili. Breki inayofunga yote mawili kwa pamoja haimsaidii kunyosha njia, na ikifungwa kwa pupa huiinamisha ndege ikachimba ardhi kwa pua. Kwa ndege hizo, basi, breki ilikuwa chombo cha kuongozea sawasawa na chombo cha kusimamishia.

Mikono ya rubani tayari ilikuwa na kazi: mmoja umeshika fimbo ya kuongozea, wa pili umeshika wenzo wa nguvu za injini. Miguu ilikuwa juu ya makanyagio mawili yanayogeuza usukani. Ikaonekana jambo la busara kuipa miguu hiyo hiyo na breki: wa kushoto ufunge gurudumu la kushoto, wa kulia la kulia.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo kwa ajili ya neno usukani. Usukani ni ule ubao unaosimama nyuma ya chombo na kukigeuza, na ndege ina kitu hicho hicho mkiani mwake. Kwa haki neno hilo lingekuwa la ndege moja kwa moja, kama lilivyokuwa neno rubani, ambaye aliongoza vyombo baharini kabla hajapanda angani. Lakini gari liliuchukua usukani kutoka nyuma ya jahazi likauweka mikononi mwa dereva, na sasa jina hilo kwa watu wengi ni la lile duara linaloshikwa. Mwambie mwanafunzi wa bara kuwa rubani hugeuza usukani kwa miguu, atacheka. Mpemba na Mlamu hawatacheka. Sisi tungeandika "usukani wa mkia" kila mara, ili kila mmoja apate haki yake, na kile kinachoshikwa mikononi tukaita fimbo ya kuongozea au duara la kuongozea, kwa kadiri ya umbo lake.

Breki za mguu za mwanzo hazikuwa zote za namna moja. Piper J-3 Cub, ambayo kati ya mwaka 1938 na 1947 ziliundwa karibu 20,000, ilikuwa na makanyagio mawili madogo chini ya yale ya usukani wa mkia, nayo yalikanyagwa kwa visigino. Rubani alisukuma usukani kwa sehemu ya mbele ya mguu, na alipotaka breki alikipinda kifundo ili kisigino kikipate kile kikanyagio kidogo kilichojificha ndani. Hufanyika, na maelfu wamejifunza hivyo, lakini si mkao ambao mwili wa binadamu ungeuchagua wenyewe. Namna ya pili ndiyo iliyoshinda. Kanyagio la usukani lenyewe lilitiwa bawaba: likisukumwa zima huugeuza usukani, na sehemu yake ya juu ikiinamishwa kwa ncha ya mguu hufunga breki ya upande huo. Kila kanyagio lina silinda yake ndogo ya haidroliki. Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000, ina breki za namna hiyo, na kwa wingi wake imewafanya watu wadhani kuwa hakuna namna nyingine.

Namna nyingine ilikuwapo, na chimbuko lake ni kichwa cha mtu mmoja. Fred Weick alikuwa mhandisi katika maabara ya serikali ya Marekani ya utafiti wa ndege, huko Langley katika jimbo la Virginia. Alitaka ndege ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiendesha bila kuogopa. Ndege yake, Ercoupe, iliruka mara ya kwanza mwaka 1937. Gurudumu la tatu alilitoa mkiani akaliweka puani, na kwa kufanya hivyo kitovu cha uzito kikawa mbele ya magurudumu makubwa. Kuanzia hapo uzito ule ule uliokuwa ukiupotosha mkia ukawa unaunyosha: ndege ikitua ikiwa imekaa upande kidogo, hujirudi yenyewe. Sababu ya kufunga gurudumu moja moja ikaondoka. Weick akaenda mbali zaidi. Akayaondoa makanyagio ya usukani kabisa, rubani akawa anaongoza kila kitu kwa duara la mikononi, hata gurudumu la pua ndege ikiwa ardhini. Sakafuni likabaki kanyagio moja tu, nalo lilifunga breki za magurudumu yote mawili kwa pamoja. Mwaka 1946 peke yake ziliundwa zaidi ya 4,000. Tumwombe msomaji aikumbuke Ercoupe, maana tutairudia: breki yake ni ya mguu, lakini ni moja.

Mwaka 1957 Weick alijiunga na kampuni ya Piper huko Vero Beach, Florida, na akiwa huko alishirikiana na John Thorp na Karl Bergey katika kubuni Cherokee. Safari hii makanyagio yalirudishwa, yakaunganishwa na gurudumu la pua, hata ndege ikawa inageuzwa ardhini kwa miguu pasipo breki yoyote. Breki yenyewe ikawekwa kwenye wenzo mmoja, katikati, chini ya ubao wa saa, kama ilivyokuwa kwa Tri-Pacer, ndege ya Piper ya mwaka 1951. Sababu zake zilikuwa nzuri. Silinda moja badala ya mbili kwa kila kiti, mabomba machache, uzito mdogo, bei ndogo. Na mwalimu aliyeketi kulia huufikia wenzo huo sawa na mwanafunzi aliyeketi kushoto.

Lakini ndani ya ndege hiyo hiyo kuna wenzo mwingine. Uko kati ya viti viwili, umelala sakafuni, una kitufe kwenye ncha, na huvutwa kwenda juu. Kwa umbo, mahali na namna ya kuushika ni breki ya mkono ya gari, haikosi hata nukta moja. Kazi yake ni kushusha vibawa vilivyo nyuma ya mabawa wakati wa kutua. Mfasiri anayeandika kwamba "rubani avute wenzo" bila kusema upi, au anayeamini kuwa picha ya breki ya mkono iliyomo kichwani mwa msomaji itamwongoza vema, amempeleka msomaji kwenye vibawa.

Marubani wamebishana kwa muda mrefu ni breki zipi bora, na ubishi wao una maana. Aliye upande wa breki za ncha ya mguu husema kuwa rubani anayetua mahali pafupi hana mkono wa tatu. Wa kushoto umeshika duara. Wa kulia unadaiwa na wenzo wa injini, na wenzo wa vibawa, na sasa na wenzo wa breki. Miguu ikiwa na breki hakuna mkono unaohama. Aliye upande wa breki ya mkono hujibu kwamba miguu husahau. Mwanafunzi mwenye hofu huweka miguu juu sana kwenye makanyagio, hutua breki zikiwa tayari zimefungwa, na tairi hupasuka papo hapo. Ndiyo maana walimu hurudia kuwa visigino viwe sakafuni hadi ndege ikae chini. Wenzo haufungwi kwa bahati mbaya. Tena nishati ambayo breki inapaswa kuimeza hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kwenye kilomita 100 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 50, na anayefunga mapema hulipa kwa tairi na kwa diski. Kwa maoni yetu hoja ya pili ni nzito kuliko inavyopewa sifa. Soko hata hivyo liliamua vingine. Cherokee za baadaye zilipewa breki za ncha ya mguu, mara nyingi upande wa kushoto tu, na wenzo ukabaki mahali pake: kwa mwalimu wa kulia, na kwa kuegesha.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kuwa jambo limekwisha: ya mkono hufunga magurudumu yote pamoja, za mguu hufunga moja moja. Lau ingekuwa hivyo, mfasiri asingehitaji makala. Ercoupe imekwisha tuonyesha breki ya mguu inayofunga yote mawili. Zipo na ndege zinazoonyesha kinyume chake. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwezi wa Machi 1936, ilikuwa na breki zilizoshikwa kwa wenzo mdogo kwenye kishikio cha fimbo ya kuongozea, yaani kwa vidole vya mkono. Miguu ikiwa sawa, magurudumu yote mawili yalishikwa sawa. Rubani alipousukuma usukani upande mmoja, nguvu ya breki ilihamia upande huo. Mkono ulisema kiasi gani, miguu ikasema wapi. Ndege ya mafunzo ya Kirusi Yak-52, ambayo bado inarushwa na vilabu vingi, ina mpango wa namna hiyo hiyo.

Breki za ndege hizo mbili huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na hapo kuna shimo jingine dogo. Madereva wetu wa malori huziita breki za namna hiyo breki za upepo, na ni jina zuri. Lakini ndege nyingi, hasa zile zisizo na injini, zina mbao zinazochomoza juu ya mabawa ili kupunguza mwendo angani, nazo katika lugha za Ulaya hupewa majina yanayofanana na hilo. Jina la upepo tuwaachie wenye malori na wenye Spitfire. Hizo za bawani ziitwe vizuia-mwendo vya bawa.

Turudi kwenye mkono. De Havilland Chipmunk ilibuniwa Kanada, ikaruka mara ya kwanza mwezi wa Mei 1946, na kuwa ndege ya mafunzo ya jeshi la anga la Uingereza kwa miaka mingi. Ziliundwa zaidi ya 1,200. Ina gurudumu la mkia. Breki yake ni wenzo wenye meno ulio upande wa kushoto wa rubani. Wenzo ukilegezwa wote, hakuna breki hata makanyagio yakisukumwa hadi mwisho. Ukivutwa wote, magurudumu yote mawili hushikwa. Ukiwekwa katikati, kwenye meno machache, hakuna breki inayoshika mpaka rubani asukume kanyagio kwa nguvu, na hapo hushika gurudumu la upande huo peke yake. Ndivyo inavyopasa kutembezwa ardhini: wenzo kwenye meno machache, miguu ikifanya kazi. Kabla ya kuruka na kabla ya kutua wenzo sharti ulegezwe kabisa. La sivyo rubani anayesukuma usukani kunyosha njia atajikuta amefunga breki ya upande mmoja katikati ya mbio.

Sasa tuchukulie kuwa ndege ya aina hiyo imetoka nje ya njia na kuumiza mtu, na mfasiri ameletewa ripoti ya wachunguzi. Imeandikwa kuwa wenzo ulikutwa kwenye jino la tatu. Akiandika kwamba "breki ya mkono ilikutwa imefungwa", msomaji wake, awe hakimu, awe karani wa bima, awe mwandishi wa gazeti, atajua la kufikiri: huyu alikwenda safari bila kutoa breki ya mkono. Kumbe swali lenyewe halijaulizwa. Ikiwa ndege ilikuwa ikitembezwa kuelekea mahali pa kuegeshwa, jino la tatu ni utaratibu unaokubalika. Ikiwa ilikuwa ikitua, ni kosa kubwa. Neno moja limekwisha toa hukumu kabla ya ushahidi, na aliyelitoa hakuwahi kuiona ndege hiyo.

Kwa hiyo tunaona kuwa kuzigawa breki za ndege kwa kiungo cha mwili kunaficha kile ambacho msomaji anahitaji kukijua kwanza, yaani kama magurudumu yanafungwa pamoja au moja moja. Lugha za Ulaya zimekwama katika mgawanyo wa kiungo kwa sababu ndio uliotangulia katika mazungumzo ya viwanja vyao. Hatulazimiki kukwama pamoja nao.

Tena kiungo chenyewe katika Kiswahili kina matata yake. Waingereza huziita breki za kwenye makanyagio kwa jina la vidole vya mguu, na wapo waliofasiri neno kwa neno wakapata "breki za vidole". Lakini kidole kwetu ni cha mkono na cha mguu pia, na mtu yeyote aliyewahi kupanda baiskeli akisikia breki za vidole atafikiri juu ya zile zinazobanwa kwenye usukani wa baiskeli. Ni breki ya Spitfire hiyo, wala si ya Cessna! Vilevile mguu wetu huanzia pajani na kuishia ukuchani, kwa hiyo "breki za mguu" haitenganishi kisigino na ncha, na Cub na Cessna huwa kitu kimoja. Neno kisigino halina tatizo hilo, na breki za kisigino ni jina timilifu. Kwa zile nyingine tumeona "breki za ncha ya mguu" likieleweka mara moja hata kwa asiyewahi kuona ndege.

Tunapendekeza basi kwamba mfasiri aseme kwanza kazi, kisha kiungo. Breki ya pamoja ni ile inayofunga magurudumu yote kwa mkupuo mmoja; breki za kila upande ni zile zinazoweza kufunga moja na kuliacha jingine. Cherokee ya mwaka 1961 ina breki ya pamoja ya wenzo. Ercoupe ina breki ya pamoja ya kanyagio. Cub ina breki za kila upande za kisigino, Cessna 172 za ncha ya mguu, na Chipmunk ina breki za kila upande za wenzo na makanyagio. Jina hilo la mwisho ni refu, tunakiri, lakini hata mtambo wenyewe si mfupi. Wapo watakaopendelea kubuni neno moja, mathalani "breki tenganishi". Tumelipima tukaona kuwa linaeleza breki zinazotenganisha kitu fulani, na msomaji atauliza ni kitu gani. Jina la "breki ya mkono" lenyewe libaki kwa ile ya kuegeshea peke yake, kama dereva anavyolijua.

Faida ya mgawanyo huu inaonekana zaidi katika ndege zilizokuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitokea Marekani ndege ndogo ya AA-1 Yankee, ambayo gurudumu lake la pua halikuunganishwa na makanyagio. Huzunguka huru kama magurudumu ya kiti cha ofisi. Cirrus SR20, iliyoanza kufikishwa kwa wanunuzi mwaka 1999, imefuata njia hiyo. Ndege hizi, zinapotembea polepole, hugeuzwa ardhini kwa breki za kila upande na si kwa kitu kingine. Rubani asiyekuwa mwangalifu huzikanyaga mfululizo, zikapata moto kupita kiasi kabla hata ya kuruka. Ripoti ya ndege ya namna hiyo ikifasiriwa kuwa "breki zilikatika", msomaji aliyelelewa na gari ataelewa kwamba haikuweza kusimama. Huenda iliweza kusimama. Haikuweza kukata kona. Wakati huohuo breki ya pamoja haijafa, maana ndege nyepesi kama Ikarus C42 ya Ujerumani, ambayo gurudumu lake la pua huongozwa kwa makanyagio, ina kishikio kimoja cha breki kwenye fimbo, na inatosha.

Yapo mambo mawili madogo ambayo hatukutaka kuyaacha. La kwanza ni mafuta ya breki. Katika gari jina hilo ni la kimiminiko fulani kinachouzwa kila duka la vipuri. Breki za haidroliki za ndege ndogo hizi kwa kawaida hutumia mafuta mengine, ya asili ya petroli na yenye rangi nyekundu, na mipira inayozuia uvujaji imetengenezwa kwa ajili yake. Ukitia mafuta ya gari, mipira hiyo huvimba na kuharibika, na breki hufa pole pole bila kelele. Mwongozo wa fundi usiandike "mafuta ya breki" na kunyamaza; uandike "mafuta ya haidroliki ya ndege", pamoja na namba yake kama ilivyo katika kitabu cha asili.

La pili ni kitenzi. Kuachia breki ya mkono ya gari ni kubonyeza kitufe na kuushusha wenzo. Wenzo wa Cherokee, ukisha fungwa kwa ajili ya kuegesha, huachiwa kwa kuvutwa kwanza kuelekea kwa rubani, ili kishikizo kitoke, ndipo uachwe urudi mbele. Maagizo ya "achia breki" yatamfanya mgeni ausukume wenzo mbele kwa nguvu, nao utakataa. Tungeandika: vuta wenzo wa breki hadi kishikizo kitoke, kisha uache urudi.